Nilimwambia fundi aanze na folda yangu, sasa posa ya binti yangu imekwama

Admin, nifichie jina, maana Nachingwea ni ndogo na mke wangu ana wajukuu wenye simu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, darasa la nne la zamani, meno yamebaki machache lakini kwa kuchekea yanatosha. Ninyi mnaosoma huku msinionee huruma mapema. Fikeni mwisho ndipo mchague tusi.

Kijana wangu wa kwanza alituletea kompyuta na kamera ndogo kutoka Dar. Kwa kamera hiyo alimchukua video shemeji yangu, kaka wa pekee wa mke wangu, kule kwao Mbekenyera. Mgonjwa, amekaa kitandani, anaongea Kimwera na Kiswahili humo humo: wazazi wao walitoka wapi, nani kazikwa wapi, watoto wapendane. Akamtaja dada yake kwa jina la utotoni ambalo hata mimi mumewe nilikuwa silijui. Haukupita muda, akafariki.

Shemeji na mimi tulikuwa watani, na siku ya arobaini mtani ana ruhusa yake. Nilivaa koti la marehemu na kofia yake, nikachechemea kama yeye, nikakohoa kama yeye, nikadai ugali na kuwauliza wafiwa mbona wamenenepa tangu nife. Watu walicheka wakajifuta machozi kwa kanga. Hilo nalo kijana alilichukua, likaingia kwenye kompyuta, folda yake mbali.

Mwaka 2008 kompyuta ikaanza kugonga ndani, tik, tik, halafu inaganda. Mimi nina redio ya mbao ambayo ikikoroma unaipiga kofi inaamka. Nikaipiga kompyuta kofi. Ikaamka kweli! Kesho yake nikaipiga mawili. Siku iliyofuata haikuamka.

Mke wangu akaniambia, "Baba Zainabu, peleka kwa fundi. Mwambie kaka yangu kwanza. Mengine yakifa yafe."

Fundi ana banda lake karibu na stendi, mtu mzima mpole, haongei mpaka umchokoze. Akafungua, akatoa kile kidude cha chuma kinachotunza mafaili, hadi diski wanaiita, akakiweka sikioni.

"Mzee, uliipiga?"

"Niliipapasa."

"Ulipapasa kwa mkono gani, wa kulimia?" Tukacheka. Kisha akawa makini. "Hii inakufa. Nikiiwasha naweza kutoa folda moja, naweza kutoa zote, naweza nisitoe kitu. Nianze na ipi?"

Ndugu zangu, maneno ya mke wangu yalikuwa bado ya moto masikioni. Lakini kulikuwa na watu pale bandani wananisubiri niwachekeshe, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiona tangu siku ile ya arobaini. Nikasema, "Anza na ile ya koti." Nikajua zote zitatoka. Tuone langu kwanza, tucheke, kisha la shemeji.

Fundi akaniangalia. "Ndiyo aliyoitaka mama nyumbani?"

"Mwenye kompyuta mimi au mama?"

Ikatoka yote. Nilijiona, nikacheka mpaka kikohozi cha marehemu kikawa changu kweli. Fundi akaanza folda ya shemeji. Tik, tik. Tik. Kimya. Hakuipata tena, na kijana wangu hakuwa na nakala.

Nyumbani nilisema sentensi moja tu: "Fundi kaanza na ya koti, si ya kaka yako."

Mke wangu alijifunga kanga kiunoni akaenda mwenyewe, mimi nyuma. "Wewe! Nilisema kaka yangu kwanza! Umemzika mara ya pili, na huna hata sanda mkononi!" Fundi akanitazama. Mimi nikatazama feni. Akasema, "Nisamehe mama." Basi, na mpaka leo sijasikia amemwambia mtu ukweli.

Sasa huyo huyo fundi ameleta posa kwa binti yetu Zainabu. Wanapendana, na mshenga ni mtu wa heshima. Mke wangu alimjibu mshenga mlangoni, hata mkeka hakumtandikia: "Aliyemtupa kaka yangu haingii humu." Zainabu hali vizuri. Ananiambia, "Baba, sema na mama, wewe anakusikia." Ananisikia kweli, ndiyo tatizo.

Maana kuna kingine. Ile folda yangu fundi aliitia kwenye CD, na mke wangu hana kitu kingine cha kaka yake. Kila Ijumaa anaiweka kwenye deki. Napita naona mgongo wake. "Rudisha hapo pa kukohoa," anamwambia Zainabu. "Hivyo hivyo. Ndivyo alivyokuwa." Anacheka, analia. Amewaambia ndugu zake wote Ruangwa kwamba mumewe ndiye aliyemwachia mwendo wa kaka yake. Ananishukuru, jamani! Mimi niliyezoea kutukanwa, shukrani hii sina pa kuiweka. Nikisema ukweli, nitamnyang'anya hata hicho kikohozi. Nisiposema, binti yangu anamkosa mtu ambaye amebeba aibu yangu bila kunung'unika.

Juzi nilijikaza. Nikaanza, "Mama Zainabu, siku ile kwa fundi..." Akanikatiza, ananipakulia mchicha: "Usijilaumu. Najua ulimwambia aanze na kaka. Wewe una mzaha, lakini ubaya huna."

Nikala mchicha wote. Hata chumvi sikuisikia.

Mshenga anarudi wiki ijayo kwa jibu la mwisho. Haya, nitukaneni, nafasi ipo. Mkishachoka mniambie: nimwambie mke wangu tukiwa wawili tu, au nisimame mbele ya mshenga na fundi wote wasikie? Na hiyo CD, baada ya hapo, nani ataiweka? Nishaurini, nifanye nini?