Mawe ya Lifti ya Bibi

Juzi nilikwenda kwa bibi, kule mlimani upande wa Ruangwa, nikarudi Nachingwea nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Naandika haraka, maana mimi jambo nikilichelewesha naliharibu. Bibi mwenyewe hayupo, tulimzika msimu wa ufuta uliopita. Nilifuata kinu chake tu. Nikakuta mawe.

Ngoja nianze mwanzo.

Nikiwa darasa la sita nilikuwa naishi naye. Nyumba juu, kisima bondeni. Asubuhi unaamshwa na mchi wa jirani, moshi wa korosho za kuchoma unakukereketa koo, na kabla hujanawa uso unaanza kuwaza kile kilima. Mwaka ule goti la bibi lilivimba. Mimi nilibeba kidumu changu cha lita tano, hakikutosha kitu. Mama mkubwa, aliyekuwa anaishi mjini Nachingwea, akaleta maneno: kama mama hawezi kuteka maji, baada ya mavuno anakuja kumchukua. Bibi hakulala vizuri tena. Mikorosho yake ilikuwa pale, kaburi la babu lilikuwa pale.

Sasa, mwalimu wetu wa Jiografia, mtu wa Bukoba, alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha za lifti za mlimani. Moja Ureno, moja Uswisi, moja Japani. Vijumba viwili vimefungwa kamba moja, vinapishana kwenye mteremko. Alisema zamani nyingine hazikuwa na injini. Cha juu kinajazwa maji, kinakuwa kizito, kikishuka kinamvuta mwenzake. Nilimwacha anaendelea kufundisha, mimi kwa mawazo nishafika kisimani.

Nilimwambia bibi. Akacheka.

"Mke mwenzangu, wazungu wamechoka kutembea?"

"Bibi, ni kwa ajili ya goti lako."

"Goti langu halijapanda hata baiskeli."

Lakini alinipa kamba ya katani. Ringi ya baiskeli niliomba kwa jirani, nikaifunga kwenye shina la mkorosho. Nikalaza mianzi mpaka bondeni, na matenga mawili ya kuteleza juu yake, moja kila ncha ya kamba iliyozunguka ringi. Mimi juu napakia mawe, bibi chini anaweka dumu. Siku ya kwanza dumu lilikataa. Nikaongeza mawe. Likaja, taratibu, linatikisika kama mtu mzima anayetoka msibani, na bibi nyuma yake anapanda mikono mitupu.

Mwalimu alikuja kuona, akakuna kidevu.

"Na mawe nani anayarudisha?"

"Yapo mengi, mwalimu."

Na kweli, kila nikitoka shule mchana, mawe yalikuwepo chini ya mkorosho. Nilikuwa na haraka ya kupakia. Sikujiuliza.

Baada ya mavuno mama mkubwa akaja na begi tupu la nguo za bibi. Tukamwonyesha. Dumu lilipofika juu alikaa chini kwa kucheka. "Mama, kumbe umehamia Ulaya bila kuaga." Aliondoka na begi lake vilevile, na bibi akabaki kwake mpaka mwisho. Mimi nikajiona injinia. Hata nilipokwenda sekondari niliwasimulia wenzangu mabwenini, nikiongeza chumvi.

Juzi ndipo jirani, ambaye sasa ni mzee kabisa, akaniambia. Asubuhi mimi nikiwa shule, bibi alikuwa anashuka bondeni na kuyapandisha yale mawe kichwani.

"Yote?"

"Yote. Nikamwambia, we mama, si bora ubebe maji yenyewe? Akasema dumu halikatiki vipande. Jiwe unabeba moja, unapumzika, unarudia. Halafu akasema mtoto asijue."

Nikakaa kwenye kinu. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma: uzito uleule, kilima kilekile, goti lilelile. Basi lifti yangu ilimsaidia au ilimtesa? Angebeba maji majirani wangemwona anaanguka, angechukuliwa. Alibeba mawe, akabaki. Nikisema nilimwokoa nasikia aibu. Nikisema nilimtesa, jirani ananikatalia, anasema alikuwa anapanda huku anaimba.

Bomba lilifika juu muda mfupi baada ya mimi kwenda sekondari, sasa hakuna anayeshuka bondeni. Njia imezibwa na nyasi, mianzi imeliwa na mchwa, ringi sijui nani kaichukua. Hata kelele za wanawake wakitwishana ndoo kisimani hazipo. Ila chini ya mkorosho mawe yapo, saba, yamepangwa vizuri. Nilidhani mwishoni alichoka akayaacha bondeni. Kumbe, jirani anasema, baada ya safari ya mwisho ya lifti ile, mimi nimeshaondoka, aliyapandisha hivyohivyo, yakae tayari nikirudi likizo.

Nilitaka kulisukuma moja liteleze bondeni, nione. Nikashindwa. Nani angelirudisha?