Wageni wa Shangazi

Juzi, hapa mtaani Dunda, nilimwona jirani akivunja sahani aliyolia chakula mwanawe mwenye wazimu. Mlio ule ulinirudisha kwetu utotoni, alasiri moja yenye moshi wa ubani. Wapagazi wa bara walikuwa wakiingia mjini kwa ngoma, na shangazi alikuwa amefungiwa chumba cha uani.

Nilimsikia mama akimnong'oneza shoga yake, "Wifi ana wageni kichwani." Sasa najua alikusudia mashetani. Mimi nilishika neno wageni tu, nikaona aibu kwamba hawajapelekewa kahawa. Nikachukua vikombe viwili, nikasimama mlangoni.

"Hodi, shangazi!"

"Karibu, mwanangu. Tangu niwekwe humu, hakuna aliyenipigia hodi."

Nikasogeza komeo, tukanywa pamoja. Wageni sikuwaona. Mama alipotukuta, alinivuta nje.

"Amenywea kipi?"

Kwa hofu nikaonyesha changu. Akakipasua kwenye jiwe. Kile kingine akakisuuza, akakirudisha rafuni.

Baba alikinywea kahawa mpaka uzeeni kikombe hicho cha dada yake, wala hakuna mgeni aliyemjia. Na komeo la uani halikuondolewa.