Fidla ya Pili ya Bariadi

Nilikwenda Bariadi kwa sababu ya wivu. Kabula, binti wa mama yangu mkubwa, alichaguliwa kupiga fidla ya kwanza katika kundi la watu wanne la kanisani kwao. Mimi, niliyeanza kujifunza fidla pamoja naye siku ileile, niliitwa nikawasikilize, kisha niseme kama nitachukua fidla ya pili. Mwalimu Neema, anayeipiga, amepata uhamisho wa kikazi.

Ya pili! Mimi!

Asubuhi, kwetu Dutwa. Mama aliniaga huku anacheka. "Ukifika umsalimie dada yako kwa meno, siyo kwa macho."

Basi lilipita kwenye mashamba ya pamba iliyopasuka. Dirishani nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi, nainama, napigiwa vigelegele. Katika ndoto hiyo Kabula hakuwepo kabisa.

Bariadi. Kabula alinikumbatia, akanisalimu Kisukuma. "Mwangaluka, mdogo wangu! Umependeza." Hata hilo liliniudhi, maana yeye alikuwa amependeza zaidi.

Mchana, ukumbini. Walipiga muziki wa zamani wa Ulaya, uliotungwa kwa ajili ya sebule za mabwana wakubwa. Ni muziki mwepesi, wa adabu, kama wageni wanaongea bila kukatizana. Fidla ya kwanza inasema karibu kila kitu. Ya pili na viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, zinaitikia, na selo, ile kubwa inayosimamishwa sakafuni, inatembea chini taratibu. Ilipofika sehemu ya dansi, ya kuhesabu tatu tatu, watu wetu wakafanya kama kwenye mashindano ya ngoma: anayekukosha, unahamia upande wake. Viti vikaburutwa. Ukumbi mzima ukaenda kwa Kabula.

"We binti, sogea huku!" mama mmoja akaniita.

"Huku kunanitosha, mayu."

Nikabaki peke yangu upande wa Mwalimu Neema, mdomo nimeuvuta. Ndipo nikasikia kilichokuwa chini ya sauti ya Kabula: noti ndogo ndogo za fidla ya pili, zinakimbia bila kupumzika. Mara Neema akakwama kufunua karatasi. Wimbo wa Kabula ukayumba kama mtu aliyekanyaga shimo, naye akamgeukia Neema kwa macho ya kuomba. Kule kwenye watu hawakuona kitu. Walikuwa wanashangilia.

Walipomaliza, Kabula akanivuta pembeni. "Sasa? Utakaa na mimi?"

"Nitakaa. Ila wivu sijauacha."

"Uje nao tu," akacheka. "Nikikosea, wewe ndiye utakayesikia wa kwanza."

Jioni, njia ya kurudi. Nilichojifunza ni hiki: anayeshangiliwa ana mtu aliyemshikilia, na mtu huyo anaweza kuwa na kinyongo chake na bado asiachie. Ndani ya basi nilijaribu kuuimba wimbo wa Kabula kimoyomoyo, uwe wangu. Haukuja. Ikaja ile fidla ya pili peke yake, inakimbia, na nikajikuta namngoja Kabula aingie juu yake.