Vizibo vya Soda na Vishikwambi Kumi

Mwalimu wa darasa la tatu, ambaye shule nzima ilimwita Bi Vizibo, alikuwa na wivu, na hapa hatumfichii aibu. Wivu ulimla mpaka chai haipiti. Miaka ishirini na miwili amefundisha hesabu kwa vizibo vya soda, kavikusanya mwenyewe, kaviosha mwenyewe, kavitia kwenye kopo la rangi. Leo kaja mwalimu mgeni wa darasa la nne, chumba cha pili, binti wa juzi tu, na vishikwambi kumi vya mradi, basi watu wote macho kwake!

Ukuta wenyewe mwembamba. Huku anaandika ubaoni, kule vicheko. Siku moja akashindwa kuvumilia, akachungulia dirishani. Watoto wanne kwa kishikwambi kimoja, kila mtoto na namba yake, na daraja la kwenye mchezo halivukiki mpaka namba zote nne zitimize jumla.

"Wewe toa saba, mimi naongeza tatu!"

"Ngoja kwanza, huyu hajaelewa. Mwelezeni!"

Hata yule mtundu aliyemshinda yeye mwaka jana alikuwa anamwelekeza mwenzake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Michezo mitupu," alimwambia mumewe jioni. "Mtihani watafanya na daraja?"

"Mke wangu, huo wivu," mumewe akacheka. Alinuniwa siku mbili.

Alhamisi akafanya jambo la kitoto. Vishikwambi vilikuwa vikichajiwa usiku ndani ya kabati la ofisi ya walimu, na funguo alikaa nazo yeye, mkongwe wa shule. Wakati wa kwenda nyumbani akazima swichi, akafunga kabati, akaondoka.

Asubuhi vyote kumi havikuwaka. Bi Vizibo akatega sikio asikie kimya cha jirani. Badala yake mlango wake ukagongwa.

"Samahani dada," akasema mwalimu mgeni, "chaji imetuangusha. Naomba kopo lako la vizibo, tucheze mchezo wetu hivyo hivyo."

Angekataaje? Akatoa. Dakika kumi hazikupita, vicheko vikazidi vya jana. Kwa vizibo vyake! Vilevile alivyoviosha kwa mikono yake! Roho ilimuuma vibaya sana. Kumbe wala si vishikwambi.

Akageuka kutazama darasa lake. Watoto arobaini wameinama kimya, kila mmoja kaziba daftari kwa mkono wa kushoto. Nani aliwafundisha? Yeye. "Funika, usiibiwe!" Kila siku, miaka ishirini na miwili.

Akaenda ofisini, akawasha swichi, akarudi.

"Haya, geukianeni wanne wanne. Toeni mikono, mwonyeshane."

Hakuna aliyesogea. Msichana wa dawati la mbele akazidi kulikandamiza daftari lake.

"Lakini mwalimu," akasema, "tutaibiwa."