Faili la bibi wa Kidete

Jumanne, katika ofisi moja hapa Kilosa, bibi kutoka Kidete alifuata faili la shamba lake.

"Ulimpa nani?" karani mmoja akamuuliza.

Bibi akawatazama makarani watatu, wote wamevaa shati la bluu. "Sura siikumbuki, mjukuu wangu."

Wakacheka. "Bibi, chaji imekwisha."

Akagonga meza kwa kidole. "Aliyelipokea alimwambia mwenzake, 'Litupe kwenye droo ya chini, atachoka mwenyewe.' Ifungue."

Wakaifungua. Faili lilikuwemo.

Wazee tunapotewa na sura. Ni umri, si wazimu. Mimi sikumbuki hata kanga aliyovaa marehemu mke wangu siku ya mwisho hospitalini. Lakini mtu aliyemcheka mke wangu siku hiyo pale dirisha la mapokezi, maneno yake ninayo yote. Kila nikisali namwomba Mungu anisaidie kumsamehe, na bado sijaweza.