Vibonye Vyeusi Vilivyokufa

Naomba mnicheke taratibu. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya wa kigango chetu huku Kasulo, na kwa miaka minne niliwaambia wanakwaya kwamba vibonye vyeusi vya kinanda chetu cha kukanyaga vimekufa. Ukweli ni kwamba sikujua kuvipiga. Nyimbo zote nilizipiga kwa vyeupe tu, akina mama wa sauti ya kwanza wakipanda juu mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Mwaka ule wakimbizi walipowekewa kambi jirani nasi, mzee mmoja kutoka kambini aliomba kukiona kinanda. Nikamhurumia, nikamwonyesha "do" ilipo. Siku tatu nzima alinisikiliza kwa adabu, akiitikia, "Asante, mwalimu."

Jumapili nikamwachia wimbo wa sadaka, ili watu wauone wema wangu. Jamani! Vidole vyake vilitembea kote, vyeupe na vyeusi, akaushusha wimbo chini, na akina mama wakaimba bila kujikamua. Machozi yalinitoka. Sikujua kinanda chetu kina sauti tamu vile.

Wimbo ulipokwisha, mwenyekiti wa kwaya, Mama Restituta, akanigeukia, kanisa zima likisikia.

"Mwalimu, hivyo vyeusi vimefufuka lini?"