Mwanamume wa Kumi Kutoka Uwanja wa Ndege

Hebu kaa hapa, mwanangu, uache kununa. Nakumbuka jioni ya mwisho ya matanga ya baba yangu, palepale Kipawa, na mpaka leo ikinijia nasonya.

Sie Wayahudi wa Dar tulikuwaga wachache, na bado ni wachache. Babu zetu walikuja kutoka Yemeni na biashara ya vitambaa, wakazikwa hukuhuku, na sebule yetu ndiyo iliyokuwa nyumba ya sala. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinipata mie tu, akanifundisha Kiebrania pale mezani baada ya chakula, na Kadishi akanifundisha mwenyewe. Kadishi, wewe unaijua, ndiyo ile sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake aliyefariki. Alipozidiwa alinishika mkono akasema, "Saada, utanisomea wewe." Nikamjibu, "Nitakusomea, baba."

Sasa, Kadishi haisomwi mpaka watimie watu wazima kumi. Na kwa wazee wetu, watu maana yake wanaume. Jioni ile wanaume walikuwa tisa. Sie wanawake tumejaa nyuma ya pazia, tumepika, tumeosha vyombo, tumepokea wageni wiki nzima, lakini kwenye hesabu hatumo. Jamani!

Jua linashuka, matanga yanakwisha. Baba mdogo Haruni, mdogo wake baba, anazunguka sebuleni jasho linamtoka. Mara kachukua funguo za gari. Unajua alikwenda wapi? Uwanja wa ndege! Kasimama pale wanapotokea abiria, kila mgeni anamwuliza, "Samahani, wewe Myahudi?" Sijui hata askari walimwachaje.

Karudi na mtalii mmoja Myahudi wa kwenda Zanzibar, mtu mzima na kaptula yake, begi mgongoni, hajui hata tunamlilia nani. Haruni meno yote nje: "Tumetimia!" Kapewa kitabu cha sala, kakishika juu chini. Huyo kahesabiwa. Mie niliyemlisha baba uji kwa kijiko, mie nisihesabiwe. Nilikasirika mpaka machozi yakagoma kutoka.

Haruni akaanza kusoma ile Kadishi. Mstari wa pili tu, kakwama. Nikamnong'oneza neno kwa nyuma ya pazia, akaendelea. Kakwama tena, nikamnong'oneza tena. Ndipo mama akanigeukia.

"We Saada, unanong'ona nini? Baba yako alikufundisha ili umnong'oneze Haruni? Toka ukamsomee baba yako!"

Akalivuta lile pazia likaanguka na fimbo yake. Wanaume wakabaki kututazama.

"Shemeji, mwanamke hasomi hapa," Haruni akasema.

"Kama binti yake hasomi, basi na mgeni wako hakai nyumbani kwangu; mrudishe uwanja wa ndege, tuone mtatimiaje."

Loh! Nikasimama, nikasoma kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja akaitikia Amina, halafu wa pili, halafu wote, hata yule mtalii. Haruni peke yake alinyamaza, na hatukulizungumza tena jambo lile. Miaka ikapita, akafariki. Wanawe wa kiume wako Ulaya, hawakufika. Niliyemsomea Kadishi ni mie, na safari hiyo hakuna aliyeniuliza kitu.

Kwa hiyo unaponiambia eti kesho, kwenye kumbukumbu ya marehemu mama yako, shoga yangu, kaka zako wanataka ukae nyuma na wao wanahangaika kupiga simu kutafuta mwanamume wa kumi, nachoka. Nachoka kabisa! Kwani wewe si mtoto wake? Sikwambii uidharau dini, mwanangu, wala kaka zako usiwatukane. Dini hii ni yako kama ilivyo yao. Jifunze sala zako mpaka zikukae kichwani, na ukishazijua usizisome kwa kunong'ona. Na ukimpenda mtu aliyekufa, usikubali mgeni ashike nafasi yako kwake. Kesho wakihesabu wakafika tisa, simama, sema "kumi" mwenyewe.

Haya, inamisha kichwa nikubariki. Mungu wa Sara na Rebeka akuimarishe sauti, akutunzie nyumba, akupe watoto wa kukusomea, wawe wa kike au wa kiume. Na uitikie Amina kwa nguvu, nisikie.